Maswali ya Wasomaji: Bima ya Nyumba Inalipa Nini, na Ada Yake Inatoka Wapi

Barua za toleo hili zinahusu bima ya nyumba. Wengi walioandika wana lalamiko la aina moja: ada wamelipa kila mwaka bila kukosa, hasara imetokea, fidia ikaja pungufu au isije kabisa. Tumejibu zile zinazogusa watu wengi. Hesabu za mifano hazina jina la sarafu, na viwango vyake ni vya kuonyesha njia tu. Vyako vimo kwenye hati yako.

Nimenunua nyumba kwa milioni 140. Fomu inauliza "kiasi cha bima". Niandike hiyohiyo?

Usiandike. Ndani ya milioni 140 kuna bei ya kiwanja, na kiwanja hakiungui. Kinachokatiwa bima ni gharama ya kuisimamisha upya nyumba ileile: ukubwa uleule, vifaa vya aina ileile, kwa bei za leo. Kiasi hicho kinaweza kuwa chini sana ya bei ya soko kama nyumba ipo mahali ambapo ardhi ni ghali. Kinaweza pia kuwa juu yake kama ipo pembezoni, ambako mtu hujenga kwa fedha nyingi na asipate mnunuzi wa kumrudishia hata nusu.

Anza na futi kamba. Pima nje ya kuta, urefu kwa upana, ghorofa kwa ghorofa, pamoja na baraza yenye paa. Muulize mkandarasi au mkadiriaji majenzi gharama ya mita moja ya mraba kwa nyumba ya kiwango chako: bati au vigae, sakafu ya saruji au marumaru, madirisha ya mbao au alumini. Tuseme ni mita 120 za mraba kwa 600,000 kila moja. Hiyo ni milioni 72. Bado hujamaliza. Kabla ya kujenga, magofu yabomolewe na kifusi kisombwe: weka 5%, yaani milioni 3.6. Michoro, vibali na usimamizi, 10%, milioni 7.2. Ukuta wa uzio, geti, tangi la maji, shimo la maji taka na banda la gari, tuseme milioni 5. Jumla milioni 87.8. Hivi vya nje ndivyo husahauliwa, na visipotajwa kwenye hati huenda visilipwe hata senti.

Kisha kuna muda. Hati ni ya mwaka mzima. Moto ukitokea mwezi wa 11 wa hati hiyo na ujenzi ukachukua mwaka mwingine, mafundi utawalipa kwa bei za karibu miaka miwili mbele. Gharama zikipanda 8% kwa mwaka, milioni 87.8 zinakuwa milioni 102 na ushee. Baadhi ya kampuni huweka kifungu kinachopandisha kiasi hicho chenyewe kila mwaka. Uliza kama unacho. Kama huna, rudia hesabu kila unapohuisha bima na kila unapoongeza chumba.

Kuandika kiasi cha kupitiliza nako hakusaidii. Bima hufidia hasara, haimpi mtu faida. Nyumba ya milioni 88 iliyokatiwa milioni 140 italipwa gharama ya kuijenga tu, na ada ya ile tofauti imekwenda bure.

Nyumba yangu ni ya matofali, haiwezi kuteketea yote. Nikikata nusu ya thamani, si hasara ndogondogo nitalipwa kikamilifu?

Hapo ndipo wengi huumia. Hati nyingi za nyumba zina kifungu cha uwiano: ukikata pungufu, unahesabiwa kuwa umejibebea mwenyewe sehemu iliyobaki ya kila hasara, hata iwe ndogo kiasi gani.

Chukua nyumba inayohitaji milioni 80 kujengwa upya, iliyokatiwa 60, yaani 75%. Jiko limeungua na hasara ni milioni 20. Kampuni inalipa 75% yake, milioni 15, kisha inakata sehemu ya kujilipia mwenyewe, yaani kiasi ambacho hati inakutaka ubebe katika kila hasara. Ikiwa ni 500,000, unaondoka na milioni 14.5. Milioni 5.5 unazitafuta mwenyewe, ingawa hasara nzima haikufika hata nusu ya kiasi ulichokata. Ungekata nusu kama unavyopanga, ungepata milioni 10 kabla ya makato.

Zipo hati zinazosamehe pengo mradi umekata angalau 80% ya gharama ya kujenga. Kitafute kifungu hicho kwa macho yako. Usiridhike na maneno ya wakala.

Maji ya bomba la darini yameangusha dari sebuleni. Kampuni imekataa kulipa, inasema ni "uvujaji wa taratibu". Maji si maji?

Kwenye bima huulizwa chanzo kwanza, kilichoharibika baadaye. Bomba lililopasuka ghafla na kumwaga maji kwa kawaida hulindwa. Kiungio kilichodondosha tone baada ya tone kwa miezi sita huhesabiwa kuwa uchakavu, na uchakavu, kutu, mchwa na kuoza havimo katika hati za kawaida. Hata dai likikubaliwa, mara nyingi hulipwa dari na rangi. Bomba lenyewe unanunua mwenyewe.

Mtathmini wa hasara anajuaje? Hutazama doa. Maji yaliyomwagika mara moja huacha doa lenye ukingo mmoja. Uvujaji wa kurudiarudia huacha pete za kahawia, moja nje ya nyingine, kila moja ikionyesha mahali maji yalipofika kabla ya kukauka na kulowa tena. Huchoma mbao kwa ncha ya bisibisi: iliyolowa jana bado ni ngumu, iliyolowa kwa miezi inabonyea. Huangalia kiungio kama kina kutu iliyokomaa au ukoko mweupe wa chumvi za maji.

Ukungu peke yake si ushahidi wa kutosha, kwa sababu unaweza kuanza ndani ya siku moja au mbili za unyevu. Kama wamekukatalia kwa kutaja ukungu tu, omba sababu kwa maandishi pamoja na ripoti na picha za mtathmini, mwite fundi bomba mwenye sifa aandike yake, na utunze kipande cha bomba kilichokatwa. Mpasuko mpya kwenye kipande hicho una nguvu kuliko barua tatu za malalamiko. Bahati mbaya wengi huwa wameshakitupa.

Maji ya aina nyingine yana vifungu vyake. Mafuriko, yaani maji yanayopanda kutoka ardhini au mtoni, mara nyingi huhitaji nyongeza au hati ya pekee, kama tetemeko la ardhi. Mvua iliyoingia kupitia bati lililong'olewa na upepo huangukia kwenye dhoruba. Iliyoingia kupitia tundu la msumari lililokuwapo miaka yote, hapana. Maji taka yaliyorudi kupitia choo ni kifungu kingine tena. Vipandevipande hivi vina historia: bima ya nyumba ilianza kama bima ya moto baada ya London kuungua mwaka 1666, na majanga mengine yakaongezwa baadaye. Hati nyingi bado huorodhesha majanga, na lisiloandikwa halimo. Hati za "majanga yote" hugeuza mambo: yote yamo isipokuwa yaliyotengwa, kwa hiyo ukurasa wa kusoma kwanza ni ule wa yaliyotengwa.

Wezi wamechukua televisheni. Nimelipwa nusu tu ya bei ya dukani.

Hati yako inalipa thamani baada ya uchakavu. Televisheni mpya ya aina hiyo ni 900,000, inatarajiwa kudumu miaka 8, yako ilikuwa na miaka 4: unapata 450,000. Hati ya "kipya kwa cha zamani" ingelipa 900,000, na ada yake ni kubwa zaidi. Kwa vitu vya ndani vinavyozeeka upesi, tunaona nyongeza hiyo inafaa kulipiwa.

Angalia pia vikomo. Fedha taslimu na vito huwa na dari lake, na kitu kimoja cha thamani kubwa kisipotajwa kwa jina na risiti hulipwa hadi kikomo hicho tu. Hati nyingi za wizi hudai dalili za kuvunja. Mlango uliokuwa wazi unaweza kukukosesha fidia. Kumbuka pia kwamba bima ya jengo haibebi vitu vya ndani. Fikiria umeipindua nyumba: kinachoanguka ni vitu vya ndani, kinachobaki ni jengo.

Nyumba ina mkopo na benki imeikatia bima. Nahitaji nyingine?

Omba benki nakala ya hati. Mara nyingi bima hiyo ni ya jengo tu, na pengine ni ya kiasi cha deni, si gharama ya kujenga. Benki hutajwa kuwa ya kwanza kulipwa. Deni likiwa milioni 30 na nyumba ni ya milioni 80, hesabu ya uwiano tuliyoitaja juu inaweza kukuangukia wewe. Ongezea kiasi kwenye hati hiyohiyo, kisha ukate bima ya vitu vya ndani na ya dhima, ile inayolipa mgeni akiumia kwako au ukuta wako ukiangukia gari la mtu.

Nikikata bima kampuni mbili, nitalipwa mara mbili?

Hapana. Zitagawana hasara ileile, na kuficha hati ya pili kunaweza kuharibu dai lote.

Jirani ana nyumba kama yangu ila ada yake ni ndogo. Nimeonewa?

Huenda hamfanani machoni pa kampuni. Ada ni kiasi cha bima mara kiwango, na kiwango hupandishwa na paa la nyasi au mbao, nyaya za umeme za zamani, umbali kutoka kituo cha zimamoto, bonde linalojaa maji, madai ya miaka ya karibuni, wapangaji, na biashara inayofanyika nyumbani. Hushushwa na milango imara, king'ora, vifaa vya kugundua moshi na kulipa mwaka mzima kwa mkupuo.

Njia inayopigiwa debe zaidi ni kupandisha sehemu ya kujilipia. Ipigie hesabu kwanza. Kiasi cha bima milioni 100 kwa 0.25% ni ada ya 250,000. Umeahidiwa punguzo la 15% ukipandisha sehemu yako kutoka milioni 1 hadi 3. Unaokoa 37,500 kwa mwaka na kujitwika milioni 2 zaidi kila hasara kubwa inapotokea: itachukua miaka 53 ya utulivu akiba hiyo kufikia milioni 2. Punguzo likiwa 40%, ni miaka 20, na hapo kuna la kujadili, mradi hizo milioni 3 unazo benki leo.

Usitafute nafuu kwa kuandika kisicho kweli. Ukijaza kwamba kuna mlinzi wa usiku, huenda hilo likawa sharti la hati, na usiku wa wizi swali la kwanza litakuwa mlinzi alikuwa wapi. Ukiacha nyumba tupu kwa muda mrefu, aghalabu kuanzia siku 30 au 60 mfululizo kulingana na hati, wizi, uharibifu wa makusudi na maji vinaweza kutoka kwenye ulinzi. Toa taarifa kabla ya kuondoka. Fanya hivyo pia unapoingiza mpangaji au kufungua karakana uani.

Hasara ikitokea, nianzie wapi?

Watu watoke kwanza, kisha zima umeme kwenye swichi kuu na ufunge koki kuu ya maji, kama ni salama kufika hapo. Piga picha kabla ya kusogeza chochote: kila chumba kutoka pembe nne, halafu vitu kwa ukaribu, namba za vifaa zikionekana. Zuia hasara isikue, maana kuzembea hapo hukatwa kwenye fidia: turubai juu ya paa, mbao kwenye dirisha lililovunjwa, maji yafagiliwe nje. Tunza risiti za kazi hiyo, nyingi hulipwa. Matengenezo ya kudumu yasubiri mtathmini.

Toa taarifa siku hiyohiyo kwa simu na kwa maandishi, kwa sababu hati huweka idadi ya siku. Wizi upelekwe polisi bila kuchelewa, uchukue namba ya taarifa. Usitupe vilivyoungua hadi vikaguliwe. Andaa orodha: kitu, mwaka wa kununua, bei ya kipya leo, ushahidi. Asiye na risiti atumie picha za zamani za familia, ambazo nyuma ya watu huonyesha samani zote za sebule, au taarifa za malipo za benki.

Mwisho italetwa karatasi ya kupokea malipo "kamili na ya mwisho". Ukishaisaini, kufungua tena dai ni kazi ngumu. Baada ya moto, nyaya zilizo ndani ya kuta na mbao za kenchi hufichua madhara yake baadaye, kwa hiyo vikaguliwe kwanza na fundi umeme na seremala. Kama una shida ya fedha haraka, omba malipo ya awali kwa sehemu isiyobishaniwa, na karatasi iseme wazi kwamba ni malipo ya sehemu. Wakikataa, andika barua kwa kitengo cha malalamiko cha kampuni, kisha kwa mamlaka inayosimamia bima, ukiambatisha nakala ya karatasi hiyo ikiwa haijasainiwa.