Muulize Bibi: Kwa nini Kennywood iko kule juu?

SWALI: Shikamoo Bibi. Mimi na mume wangu tunaishi Pittsburgh, Marekani. Shule zilipofungwa tuliwapeleka watoto Kennywood. Mbona bustani kubwa ya michezo kama ile imewekwa nje ya mji, juu ya mto, ikitazamana na kiwanda cha chuma? Na ni kweli kwamba zamani watu weusi walizuiwa kuingia bustani za namna hii? Tukirudi, tupande nini?
Mama wa watatu, Pittsburgh

JIBU: Marahaba mwanangu. Umeuliza jambo ninalolipenda sana.

Bustani hiyo ni mtoto wa tramu. Siku za kazi magari ya reli ya mjini yalijaa watu; Jumapili yalikimbia matupu. Basi mwaka 1898 kampuni ya Monongahela Street Railway ikakodi shamba la Anthony Kenny, ambako wenyeji walikwishazoea kwenda pikniki, ikaweka burudani mwisho wa njia. Umbali ndio uliokuwa biashara yenyewe. Ingekuwa katikati ya mji, watu wangekwenda kwa miguu, na nauli ingetoka wapi?

Kiwanda mnachokiona ng'ambo ya mto ni Edgar Thomson, cha Andrew Carnegie, kilichoanza kazi mwaka 1875. Waliochoka kwenye tanuru zake, wengi wao wahamiaji kama ninyi, ndio waliopanda tramu na familia zao. Waitaliano, Wapoland na Waslovakia walikuwa na siku zao maalumu hapo Kennywood. Kila nikilikumbuka hilo, napaona pale kuwa ni penu pia.

Kampuni nyingi za tramu Marekani zilifanya vivyo hivyo. Kisha watu wakanunua magari yao, mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 ukaja, na bustani nyingi zikafa. Kennywood ilikuwa imeshaingia mikononi mwa familia mbili tangu 1906, nazo ziliishika hadi 2007. Kwa maoni yangu, pikniki za shule ndizo zilizoiokoa: mzazi aliyepelekwa akiwa mwanafunzi humpeleka mwanawe.

Kuhusu weusi, ndiyo, ni kweli, na watoto wako waambiwe. Gwynn Oak, kule Baltimore, nayo ilikuwa bustani ya tramu, na haikuwapokea weusi. Julai 1963 mamia ya waandamanaji walikamatwa getini, wakiwamo mapadri, wachungaji na marabi. Milango ilifunguliwa kwa wote tarehe 28 Agosti 1963, siku ileile Martin Luther King alipohutubia Washington. Mtoto mweusi ambaye hajatimiza hata mwaka alipandishwa juu ya farasi wa bembea ya kuzunguka, baba yake akimshikilia. Mwaka 1981 bembea hiyo ilihamishiwa National Mall, uwanja mkubwa wa wazi wa umma kule Washington.

Sasa la kupanda. Pandeni Jack Rabbit, rolakosta (treni ya michezo inayopanda na kuporomoka kwa kasi) ya mbao ya mwaka 1920. Mbunifu wake, John Miller, hakujenga mnara. Alitumia bonde lililokuwapo, treni ikaporomoka humo. Ni yeye pia aliyebuni magurudumu yanayoshika reli kwa chini ili gari lisichomoke. Ombeni viti vya nyuma kabisa. Karibu na mwisho kuna mteremko wenye hatua mbili, na hapo mtaruka kutoka kitini wote. Mdogo apimwe kimo kwanza.