Kujaza risasi za .45 Colt mwenyewe: leva, rivolva ya kukoki, na ule mkebe usio na lebo

Mkuu, swali lako limenirudisha nilikoanzia, ndiyo maana nakujibu kwa kirefu. Umesema uko Texas, umenunua bunduki ya leva (ile inayokokiwa kwa mkono wa chuma ulio chini ya kifyatulio) inayokula risasi za .45 Colt, na rivolva ya kukoki kwa kidole gumba inayokula risasi hizo hizo, bei ya risasi za dukani imekuchosha, na jirani mzee amekupa presi yake ya zamani ya kujazia risasi pamoja na mkebe wa baruti usio na lebo. Unauliza uanzie wapi, kama unaweza kuzijaza kwa nguvu kuliko za dukani, na kama hiyo baruti inafaa. Mimi niko Montana, huu mwaka wa kumi na moja najaza .45 Colt na aina nyingine mbili za risasi, .44-40 na .45-70. Ninayoandika hapa nimeyafanya kwa mikono yangu.

Ndugu mnaosoma mkiwa Tanzania, silaha na risasi ziko chini ya sheria ya mwaka 2015, na mambo haya si ya kujaribu uani. Someni kwa ajili ya kujua.

Babu yangu alikuwa na gobore kule Handeni. Nilikuwa nakaa pembeni yake anapolishindilia. Baruti aliipima kwa kifuniko cha pembe, akaimimina mtutuni, akasokota singa za katani mpaka ziwe donge la ukubwa wa ndimu changa, akazishindilia kwa chuma mpaka chuma kiruke na kutoa mlio. Nilimuuliza kwa nini anagonga hivyo. Akasema baruti haitaki kukaa na upepo. Sikujua kwamba maneno yale ndiyo yangenifaa ukubwani, ng'ambo, kwenye ganda la shaba lenye urefu wa kiungo cha kidole.

Kwa sababu .45 Colt ni mtoto wa baruti nyeusi. Ilitoka mwaka 1873 pamoja na ile rivolva ya Colt iliyokwenda jeshini Marekani, na ujazo wake wa asili ulikuwa greni 40 za baruti nyeusi nyuma ya kichwa, yaani kile kipande kinachoruka, cha greni 255. (Greni 7,000 ndiyo ratili moja.) Ganda lilifanywa refu hivyo ili baruti ijae mpaka kitako cha kichwa, bila upepo, sawasawa na gobore la babu. Miaka kumi na moja baadaye, 1884, Mfaransa Paul Vieille akapata baruti isiyotoa moshi, na baruti hiyo ina nguvu nyingi ndani ya nafasi ndogo. Sisi watu wa Tanga tunajua tofauti yake: Novemba 1914 askari wengi wa Mjerumani walipigana pale mjini na bunduki za Mauser za 1871, za baruti nyeusi, na kila mlio ulipandisha wingu jeupe lililomwonyesha adui mpiga risasi amelala wapi.

Sasa shika hapa, maana ndipo watu wanapoumia. Ganda lako ni kubwa kwa ajili ya baruti nyeusi, lakini wewe utaweka baruti ya kisasa. Ukichagua ile inayowaka haraka, kipimo halali kitaonekana kama vumbi tu chini ya ganda. Utaweza kuweka kipimo mara mbili bila kumwagika hata punje. Ganda halitakuambia kitu, kichwa kitakaa vizuri juu yake, na risasi itafanana na nyingine zote mpaka siku silinda ipasuke.

Mwaka wangu wa pili nilikuwa najaza risasi 50 jioni, simu ikaita mara mbili nikiwa katikati ya kuweka baruti. Kila mara niliporudi nilidhani nakumbuka nilipoishia. Jumamosi nikaenda kulenga shabaha. Tano za kwanza safi. Nikajaza tena, ya sita safi, ya saba ikalia "pu", kama mtu aliyepiga kofi ndani ya blanketi, na mkono haukusukumwa. Kidole gumba kilikuwa tayari juu ya nyundo kukoki ya nane. Mzee wa meza ya jirani akaniwekea kiganja begani, akaniambia nisimame. Tukatoa silinda, tukapitisha ufito wa shaba mtutuni: ukagota katikati. Ganda halikuwa na baruti kabisa, fataki (kile kidude cha kuwashia baruti kilicho takoni mwa ganda) peke yake ndiyo iliyokisukuma kichwa mpaka pale kikakwama. Ningefyatua ya nane, ingekutana na kile kichwa ndani ya mtutu.

Kukitoa ilikuwa matone ya mafuta, ule ufito na nyundo ya mbao, polepole. Lakini kilichoninyima usingizi nilikiona usiku, nilipozivua vichwa risasi 43 zilizobaki. Moja ilikuwa na baruti mara mbili.

Tangu siku hiyo utaratibu wangu ni mmoja. Simu inakaa chumba kingine. Mezani kuna mkebe mmoja tu wa baruti, ule ninaoutumia, hata kama mingine iko kabatini imefungwa. Maganda matupu yanakaa kifudifudi kwenye kibao cha matundu 50, na ganda linageuzwa mdomo juu pale tu linapotiwa baruti. Kila la kumi naliweka kwenye mzani. Yakishajaa yote, kabla kichwa hata kimoja hakijawekwa, nachukua tochi na kupita mstari kwa mstari, nikiangalia kina cha baruti ndani ya kila tundu. Macho yanakamata haraka sana: lililozidi linaonekana kama kisima kilichofurika kati ya visima vya kawaida, na lisilo na kitu linang'aa shaba mpaka chini. Pia nachagua baruti nono, ile ambayo kipimo chake kinapita nusu ya ganda, ili nikikosea mara mbili imwagike mezani niione. Kama umebaki na jambo moja tu kutoka kwenye maelezo yangu, liwe la tochi.

Vipimo vyenyewe sikupi. Chukua kitabu cha mtengenezaji wa baruti uliyonunua, toleo la karibuni, anzia kipimo cha chini. Usichukue namba kwa mtu wa mtandaoni, na mimi nimo humo.

Kuhusu nguvu zaidi. Kiwango cha shinikizo cha .45 Colt kiliwekwa chini, psi 14,000 (ratili kwa inchi ya mraba), kwa sababu rivolva za 1873 bado zipo mikononi mwa watu na kuta za silinda zake ni nyembamba, hasa pale juu ya matundu. Linganisha na risasi ya .44 Magnum, psi 36,000. Vitabuni utakuta ukurasa wa pili wa .45 Colt wenye vipimo vikubwa, na juu yake imeandikwa ni kwa rivolva ya Ruger Blackhawk na bunduki chache nyingine zilizo imara. Watu wanapita juu ya hayo maandishi. Elmer Keith, mwandishi wa Marekani wa mambo ya bunduki ambaye vijana wa huku wanamtaja kwa heshima kubwa, aliipasua Colt yake ya .45 mwaka 1925 kwa kuilazimisha kubeba kichwa kizito na baruti nyingi. Akahamia .44 Special kwa kuwa silinda yake inabaki na chuma kingi zaidi, na kutoka kwenye kazi yake ndiyo ikaja .44 Magnum mwaka 1955.

Hukutaja rivolva yako ni ya aina gani. Ikiwa ni Colt au nakala yake ya Italia, baki kwenye ukurasa wa kwanza maisha yako yote. Na hata ikiwa Ruger, fikiria leva na rivolva zikikaa nyumba moja: siku moja risasi ya nguvu nyingi itaingia kwenye bunduki isiyoiweza. Mimi ninazo .45 za aina moja tu nyumbani, nyepesi, na sijawahi kuona chuma cha shabaha kikilalamika.

Ukubwa wa kichwa unanunuliwa bila kufikiri, halafu mtu analaumu baruti. Vichwa vya madini ya risasi vya .45 Colt siku hizi ni inchi .452, lakini Colt za kabla ya vita vya pili mitutu yake ilikaribia .454. Chukua kidonge laini cha madini hayo ya risasi, kipake mafuta, kisukume mtutuni toka mwisho hadi mwisho, kisha kipime kwa maikromita. Halafu pima midomo ya matundu ya silinda. Mdomo unatakiwa uwe mkubwa kidogo kuliko mtutu. Ukiwa mdogo, kichwa kinabanwa kinapotoka, kinafika mtutuni kimelegea, gesi inapita pembeni yake na kukiyeyusha ubavu. Utaona magamba ya kijivu yamegandia kwenye mifereji ya ndani ya mtutu, karibu na silinda. Nilihangaika na magamba hayo miezi mitatu nikibadilisha baruti, kumbe silinda yangu ilikuwa na midomo .450. Fundi aliitanua, na hayakurudi.

Kwa vile una leva pia, kuna mambo mawili ya kushika. Ghala la leva ni bomba, risasi zinapangana pua kwa tako, kwa hiyo tumia vichwa vyenye pua bapa tu. Pua ya ncha ngumu ikikaa juu ya fataki ya mwenzake, mshtuko mmoja unatosha kuilipua. La pili, kunja mdomo wa ganda uingie kwenye mfereji wa kichwa. Ndani ya bomba, kichwa kisichobanwa kinarudishwa ndani ya ganda. Ndani ya rivolva kinafanya kinyume, kinatambaa mbele kila unapofyatua mpaka pua yake itoke silinda na kuizuia isizunguke. Urefu wa risasi nzima usizidi inchi 1.600, la sivyo leva itakwama nusu njia.

Fataki ni za bastola, saizi kubwa, hata kama risasi inakwenda kwenye leva. Za bunduki, saizi kubwa, ni ndefu kidogo, zitachungulia nje ya tako na kukwaruza bamba la nyuma. Pitisha kidole juu ya kila moja. Dai, yaani vile vikalibu vya presi vinavyorudisha ganda kwenye umbo lake, nunua za kabaidi (madini magumu sana), hutahitaji kupaka ganda mafuta. Ukija kuingia kwenye .44-40 utajua kwa nini nakwambia hivi: ganda lake lina shingo kama chupa, linataka mafuta, na shingo yenyewe ni nyembamba mno, ukikosea kidogo inakunjamana. Ila naipenda. Ukuta wake mwembamba unaziba chumba cha risasi vizuri na masizi hayakurudii usoni, wakati .45 ya nguvu ndogo kwenye leva inayaachia. Na wazee wa zamani walikuwa na sababu: Winchester ya 1873 ilikuwa ya .44-40, na mwaka 1878 Colt wakatoa rivolva ya risasi hiyo hiyo. Mkanda mmoja kiunoni, silaha mbili.

Kama rivolva yako ni ya mfumo wa zamani, usiwahi kubeba sita. Ingiza moja, ruka tundu, ingiza nne, koki, kisha shusha nyundo taratibu; itakaa juu ya tundu tupu. Ruger walibadilisha mfumo huo mwaka 1973 kwa kuweka kipande kinachofikisha pigo la nyundo kwenye pini ya kugonga fataki pale tu kifyatulio kinapovutwa. Colt na nakala zake nyingi hawana hicho kitu.

Siku utakayotamani baruti nyeusi, na utaitamani, nunua halisi dukani na uijaze hadi kitako cha kichwa kiishindilie kidogo. Maganda ya leo yana kuta nene, kwa hiyo usilazimishe zile greni 40. Kichwa kipakwe nta ya nyuki na mafuta ya mnyama. Grisi ya petroli inageuka lami. Osha siku hiyo hiyo kwa maji ya moto na sabuni, maana uchafu wake unakula chuma usiku mmoja. Na kosa la kinyume chake usilifanye hata kwa punje: baruti ya kisasa haingii kwenye gobore wala bunduki yoyote ya kushindilia kwa mdomo.

Presi ya mzee ipokee kwa mikono miwili. Isafishe, itie mafuta, itakuzika wewe na mimi. Mkebe wake usiutumie. Baruti zinafanana: punje nyeusi, bapa au duara, na hakuna jicho wala pua inayoweza kukuambia hii ni ya bastola au ya bunduki kubwa. Ukifungua ukakuta harufu kali ya asidi na vumbi jekundu kama kutu, basi imeshaoza. Hata isipokuwa hivyo, isambaze nyembamba kwenye majani ya uani mbali na moto, imwagilie maji, nyasi zitaila. Mzee akikuuliza mwambie ukweli, ataelewa.

Ukishapima mtutu na midomo ya silinda, weka namba hapa na aina ya rivolva, nikuambie uagize vichwa vya ukubwa gani.