Maswali na majibu: kupandisha presha ya turbo kwenye gari za zamani kupitia kontrol boksi (kompyuta ya injini)

Maswali ya turbo, ile feni inayosukumia injini hewa zaidi, yamekuwa mengi, haya hapa yale yanayojirudia. Mengine yalikuwa marefu nimeyafupisha.

Gari yangu ya miaka ya 90 inapiga presha bar 0.5, nataka ifike bar 1. Fundi anasema ni kubadilisha chipu tu, kweli?

Chipu peke yake haitoshi mkuu. Piga hesabu: hewa ya kawaida iliyotuzunguka ina bar 1 hivi, jumlisha 0.5 ya turbo injini inapata 1.5, ukipeleka turbo bar 1 inapata 2. Hapo umeongeza hewa kwa theluthi nzima, na mafuta nayo lazima yapande theluthi hiyohiyo. Sasa kama nozeli zako, zile zinazopulizia injini mafuta, kwenye mzigo (ukikanyaga sana) zilikuwa zinafunguka asilimia 70 ya muda, zitapanda mpaka kama 93, wakati watu makini hawapendi kuvuka 85. Alafu kuna pampu, maana kwenye turbo nyingi za petroli regyuleta ya mafuta, ile inayopanga presha ya mafuta, inafuata presha ya turbo, kama mafuta yalikuwa bar 3 basi ukikanyaga pampu inatakiwa isukume bar 4, na kadiri presha inavyopanda ndo mafuta yanayotoka kwenye pampu yanapungua, alafu hiyo yako ni ya tangu gari inatoka kiwandani. Muulize fundi mafuta yatatoka wapi, akianza kuzungukazunguka chukua funguo zako uondoke.

Hiyo chipu yenyewe inafanya nini?

Kontrol boksi nyingi za miaka ya 80 na mwanzoni mwa 90 zinahifadhi namba zake kwenye EPROM, yaani chipu ya kumbukumbu, mfano 27C256 yenye kilobaiti 32 tu. Ndogo ajabu, lakini humo ndo kuna majedwali ya mafuta, taimingi ya plagi (wakati wa kupiga cheche), na kwenye gari ambazo kompyuta ndo inaendesha turbo, kiwango cha presha pia. Mtaalamu anaisoma, anabadilisha namba, anaandika chipu nyingine. Ile ya zamani mara nyingi imechomelewa kwenye bodi kwaiyo inatolewa kwa uangalifu na inawekwa soketi. Zenye kidirisha cha kioo juu zinafutwa kwa mwanga wa UV, ndo maana kimezibwa na stika, usiibandue eti unataka kuona ndani. Kuna kompyuta nyingine ukiwasha gari inajumlisha namba zote kujihakiki, aliyebadilisha asiporekebisha ile jumla kompyuta inagoma. Na chipu imeandikwa kwa nozeli fulani, turbo fulani na petroli ya oktani fulani, kwaiyo ile inayouzwa kama "inafaa gari zote" achana nayo kabisa.

Kuna kirezista wanachomeka kwenye sensa ya joto la hewa, wanasema kinaongeza nguvu.

Kinaidanganya kompyuta kwamba hewa ni ya baridi, inaongeza mafuta kidogo na saa nyingine inasogeza taimingi mbele. Presha ya turbo haiguswi hata kidogo. Na taimingi kwenda mbele wakati hewa halisi ni ya moto ndo mwanzo wa injini kugonga, yaani mafuta kulipuka ovyo ndani ya silinda. Pita.

Nimeongeza presha, sasa nikikanyaga sana gari inakata ghafla kama imezimwa. Naambiwa kuna kifaa cha kuondoa hilo.

Hiyo ni kompyuta inakata mafuta makusudi kuilinda injini. Kifaa unachoambiwa kinabana volti za sensa ya presha zisivuke kiwango fulani, kompyuta inabaki inaamini presha iko chini. Asa fikiria: presha halisi bar 1.1, kompyuta inasoma labda 0.8, inaweka mafuta ya 0.8 na taimingi ya 0.8. Hewa nyingi mafuta machache, joto linapanda, inagonga, pistoni inatoboka. Gari nyingine zinavumilia kwa sababu kiwandani waliziwekea mafuta ya ziada, ndo hao wanaokwambia "mimi nimeweka siku nyingi haina shida".

Njia nzuri ni kubadilisha kiwango cha kukata ndani ya chipu pamoja na majedwali ya mafuta. Angalia na sensa yenyewe, ikiwa ni ya bar 2 inahesabu pamoja na hewa ya kawaida, maana yake mwisho wake ni kama bar 1 ya turbo. Ukipita hapo haioni tena, inabidi uweke ya bar 3 na kompyuta ifundishwe kuisoma.

Valvu ya kuzungusha kwa mkono au solenoidi ya umeme, ipi bora?

Zote zinafanya kazi moja, kupunguza presha inayofika kwenye westigeti (kimlango kinachopitisha moshi pembeni ya turbo ili presha isizidi) ili ichelewe kufunguka. Ya mkono ni rahisi na kama mipira haivuji inafanya kazi vizuri tu, shida haijui kitu, injini ikigonga yenyewe inaendelea kusukuma. Solenoidi ikiendeshwa na kompyuta yenye sensa ya kugonga inaweza kushusha presha yenyewe. Saab waliingiza mfumo wa hivo, APC, mwaka 1982, na humo ndani ya boksi kuna vipotenshometa, vile vidude vya kurekebisha umeme, watu wanavizungusha kupata presha zaidi, lakini usisahau kuna swichi ya presha inayokata pampu ya mafuta ukizidisha. Na zote mbili haziwezi kushuka chini ya springi ya westigeti, springi ikiwa ya bar 0.7 hiyo ndo presha yako ya chini kabisa. Wenye Nissan Skyline GT-R R32 muwe makini, turbo zake za kiwandani gurudumu la upande wa eksozi ni la seramiki, ukienda juu ya bar 1 linaweza kuvunjika.

Kabla ya yote nianze na nini?

Pima kompreshen (mgandamizo wa silinda). Pima mipira kama inavuja, ile ya zamani huwa imekauka. Plagi ziwe za baridi zaidi, yaani zinazopoa haraka, na pengo upunguze hadi 0.7 au 0.8 mm, maana presha ikipanda cheche inazimika kirahisi. Funga waidibendi, sensa inayopima mchanganyiko wa hewa na mafuta, maana ile sensa ya lambda ya kawaida haikuambii ukweli ukikanyaga, kwa injini ya petroli kwenye mzigo mkubwa watu wengi wanalenga hewa 11.5 mpaka 12 kwa mafuta 1. Alafu fungua kontrol boksi unuse, kapasita zikivuja kunakuwa na harufu ya samaki na maji yake yanakula njia za bodi, Mitsubishi za mwanzo wa 90 zinajulikana kwa hilo. Badilisha kapasita kwanza, chipu baadae.

Yangu ni dizeli ya zamani yenye pampu isiyo na umeme, chipu ipi inafaa?

Hakuna. Hapo mafuta yanapangwa na skurubu ya pampu, na mambo yanageuka, kwenye dizeli mafuta kuzidi ndo yanayopandisha joto la eksozi. Ukiona moshi mweusi mzito ukikanyaga, rudisha skurubu.