Herufi za nukta kwa printa ya zamani

SWALI: Shikamoo kaka. Napanga kitabu cha mashairi kwa TeX, programu ya kupanga kurasa za vitabu. Printa yangu ya zamani inataka herufi za nukta, 600 kwa inchi, na fonti yangu ni ya PostScript, yaani herufi zake zimechorwa kwa mistari, si kwa nukta. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Tumia gsftopk, programu ya kugeuza fonti ya PostScript kuwa ya nukta. Kwenye dirisha la amri andika gsftopk ptmr8r 600, kisha bonyeza Enter. Hiyo ptmr8r ni Times. Weka jina la fonti yako, ila liwemo kwanza kwenye psfonts.map, faili lenye orodha ya fonti za PostScript. Ghostscript, programu inayosoma PostScript, nayo iwepo, maana ndiyo inayochora. Utakuta faili ptmr8r.600pk kwenye folda uliyomo. Usishuke hadi 300 kwa kubana nafasi: mkia wa “g” utatoka kama ngazi, na mashairi yana herufi ndogondogo! PDF ya kusomea kwenye simu iachie fonti yake ilivyo. Ukiiwekea hizi za nukta, msomaji akikuza, nukta zitamkodolea macho.