Barua kwa mwanangu: figo za mumeo na hesabu iliyouliza rangi

Mwanangu mpendwa Mwanahamisi,

Pokea salamu nyingi kutoka hapa Tanga. Sisi hatujambo, na mama yako anakusalimu sana wewe na mkwe wetu. Ujumbe wako tumeusoma pamoja, tena kwa utulivu, kwa sababu ulichouliza hakistahili kujibiwa kwa maneno mawili ya simu. Umeeleza kwamba mumeo, ambaye kwa miaka sasa anasafishwa damu, amepokea barua ya hospitali ya huko Marekani inayomjulisha kuwa tarehe yake ya kuanza kuhesabiwa katika orodha ya wanaongoja figo imerudishwa nyuma karibu miaka miwili, yaani ahesabiwe amengoja muda mrefu zaidi, kwa kuwa hesabu iliyotumika zamani ilikuwa na kasoro kwa wagonjwa Weusi. Wewe unataka kujua kama huo ni upendeleo, kama wanavyosema baadhi ya wenzako kazini, au ni haki aliyorudishiwa. Unauliza pia iweje madaktari wasomi wafikie kuingiza rangi ya mtu katika hesabu ya damu. Kwa kuwa kazi yangu ilikuwa ya maabara mpaka nilipostaafu, nitaanza na hilo la pili, kwani jibu la la kwanza limo humo.

Kreatini ni taka inayotoka katika misuli, nayo huchujwa na figo na kutoka kwa mkojo. Figo zikichoka, kreatini hujaa katika damu. Kwa njia ya zamani tuliyoitumia, majimaji ya damu yakichanganywa na asidi ya pikriki penye alkali hugeuka rangi ya chungwa, na kadiri rangi hiyo inavyokolea ndivyo kreatini ilivyo nyingi. Nataka ulielewe vizuri hili: damu ya mtu yeyote ukishaizungusha katika mashine, chembe nyekundu zikazama chini, kinachobaki juu ni majimaji ya manjano hafifu, na hakuna mtaalamu wa maabara awaye yote anayeweza kuyatazama akakwambia mwenye damu ni wa rangi gani. Rangi haikutoka katika kichupa. Iliingia baadaye, pale kiwango cha kreatini kilipotiwa katika fomula ili kukadiria figo zinachuja mililita ngapi kwa dakika.

Fomula hiyo huhitaji kreatini, umri na jinsia. Mwaka 1999 watafiti wa Marekani walichapisha fomula iliyoongeza jambo la nne, yaani kama mgonjwa ni Mweusi jibu lake lizidishwe kwa takriban 1.2, na mwaka 2009 ikaja nyingine ambayo kizidisho chake kilikuwa 1.159. Watafiti hao hawakutunga tofauti hewani. Katika takwimu zao, washiriki Weusi kwa wastani walikuwa na kreatini ya juu zaidi kuliko Wazungu ambao figo zao zilichuja sawa na zao. Kosa liko katika maelezo waliyoyakubali na matumizi yaliyofuata. Ilisemwa kwamba watu Weusi wana misuli mingi zaidi, kwa kutegemea tafiti chache na ndogo, kisha wastani huo akabebeshwa kila Mweusi aliyeingia hospitalini, awe mbeba mizigo mwenye kifua kipana au bibi wa miaka themanini aliyebaki mifupa. Hakuna aliyepima misuli ya mtu. Mara nyingi aliyeamua nani ni Mweusi alikuwa karani wa mapokezi, kwa kuweka alama katika kisanduku.

Sasa tazama kilichomfika mumeo. Katika mfumo wa Marekani, mtu mzima anaweza kuanza kuhesabiwa muda wa kungoja figo pale uchujaji wake unapofika 20 au chini yake, hata kabla hajaanza kusafishwa damu. Chukua wanaume wawili wa umri mmoja wenye kreatini ile ile, na fomula iwape wote 18. Aliyeandikwa Mzungu anabaki na 18, anaingia katika orodha na saa yake inaanza kwenda. Kwa aliyeandikwa Mweusi, 18 ikizidishwa kwa 1.159 hutoa karibu 21, naye anaambiwa hajafika, arudi nyumbani, aje tena baada ya miezi kadhaa. Damu ni moja na ugonjwa ni mmoja, lakini yule anasogea na huyu anasubiri mpaka figo zake ziharibike zaidi ndipo aaminiwe kuwa mgonjwa. Wako waliopata nafasi ya kupandikizwa figo kabla hawajachomwa sindano hata moja ya mashine, na wako walioikosa nafasi hiyo kwa ajili ya kizidisho hiki.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sisi wa huku Afrika, ambao ndio tungepaswa kuwa kipimo cha madai hayo, tulipimwa kwa kuchelewa sana. Watafiti waliofanya kazi Kinshasa na Abidjan walichapisha matokeo yao mwaka 2019, wakaonyesha kwamba fomula zilifanya kazi vizuri zaidi bila hicho kizidisho cha Weusi. Mwaka 2022 ukatoka utafiti mwingine uliofanyika Malawi, Uganda na Afrika Kusini, uliogundua kwamba fomula za kreatini zilizifanya figo za watu zionekane nzima kuliko zilivyo, na kizidisho cha rangi kilizidisha kosa hilo. Maabara za kwetu nazo zilikuwa zimezipokea fomula hizo kutoka vitabu vya nje.

Kuna jambo jingine ambalo ukilisikia utadhani nimetia chumvi, lakini ndivyo lilivyokuwa. Mtu Mweusi akiwa hai na mgonjwa, hesabu ilisema figo zake ni bora kuliko zilivyo. Akifariki na figo zake zikatolewa kwa ajili ya mgonjwa mwingine, faharasa iliyotumika kukadiria ubora wa figo za marehemu ilizishusha daraja kwa sababu ya rangi ile ile, hata baadhi zikaonekana hazifai. Rangi haikuondolewa katika faharasa hiyo mpaka mwaka 2024. Sijui namna ya kulieleza hili isipokuwa kusema kwamba katika pande zote mbili aliyepoteza ni mmoja.

Sasa nirudi kwa wenzako wa kazini. Mwaka 2021 jopo la vyama vya Marekani vya magonjwa ya figo lilipendekeza fomula mpya isiyouliza rangi, iliyokokotolewa upya yote badala ya kufutiwa kizidisho tu. Mwaka 2022 mamlaka ya upandikizaji ikapiga marufuku matumizi ya rangi katika kupima sifa za kuingia katika orodha, na kuanzia Januari 2023 kila hospitali ya kupandikiza figo ikaagizwa ipitie mafaili ya wagonjwa wake Weusi, itafute majibu ya zamani, na mtu ambaye angefika 20 mapema kama asingezidishiwa arudishiwe muda wake. Hadi mwanzoni mwa mwaka 2024, zaidi ya watu 14,000 walikuwa wamerekebishiwa. Mumeo ni mmoja wa watu wa namna hiyo. Hakuongezewa hata siku moja ambayo Mzungu mwenye damu kama yake asingehesabiwa. Mtu akiibiwa shamba, kisha hukumu ikamrudishia hati yake, huwezi kusema amepewa zawadi ya ardhi.

Tena marekebisho yenyewe hayakuwafikia wote. Yaliwahusu waliokuwa hai na walioandikishwa katika orodha, na ambao majibu yao ya zamani yalipatikana. Aliyefariki akingoja hakurudishiwa kitu, na ambaye hakuwahi kuelekezwa kwa daktari bingwa wa figo, kwa kuwa karatasi yake ilimwonyesha hajambo, hana hata faili la kupitiwa. Wamarekani Weusi ni karibu asilimia 13 ya watu wa nchi hiyo, lakini ni zaidi ya asilimia 30 ya wale ambao figo zao zimefeli. Kuwahesabia uzima watu wanaoumia kiasi hicho ni jambo zito.

Unaweza kuambiwa kwamba tofauti hiyo ni ya maumbile. Uwe mwangalifu hapa, maana kuna ukweli ndani yake na kuna upotoshaji. Mwaka 2010 wanasayansi waligundua aina mbili za jini liitwalo APOL1, ambazo mtu akizirithi kwa baba na kwa mama humwongezea hatari ya ugonjwa wa figo. Zilienea hasa Afrika Magharibi kwa sababu husaidia mwili kupambana na vimelea vya malale, na takriban asilimia 13 ya Wamarekani Weusi wamezirithi pande zote. Lakini jini hupimwa kama jini. Wewe ni Mdigo wa Tanga na mumeo ni mtu wa Alabama ambaye wazee wake walichukuliwa utumwani kutoka upande mwingine kabisa wa bara hili, na karani anawatia nyote katika kisanduku kimoja. Vilevile jini hilo halielezi shinikizo la damu lililoachwa bila dawa kwa kukosa bima, wala mgonjwa aliyefikishwa kwa bingwa amechelewa.

Umesema mumeo haiamini barua hiyo, na kwamba bibi yake alikuwa akisema hospitali za serikali ziliwatia Weusi kaswende. Mheshimu katika hilo, ila mpe ukweli wake kamili, ambao hauhitaji kuongezwa. Katika wilaya ya Macon, Alabama, kuanzia mwaka 1932, idara ya afya ya serikali ya Marekani iliwafuatilia wanaume Weusi 600, wengi wao wakulima maskini, ambao 399 kati yao walikuwa na kaswende. Hawakuambukizwa na watafiti. Walikuwa nayo tayari. Waliambiwa wana "damu mbaya", wakapewa chakula na ahadi ya gharama za mazishi ili miili yao ichunguzwe wakifa, wakaachwa bila tiba. Penisilini ilipokuwa dawa ya kawaida ya kaswende katika miaka ya 1940, hao hawakupewa. Uchunguzi ulisimamishwa mwaka 1972, baada ya Peter Buxtun, aliyekuwa ameulalamikia ndani ya idara bila kusikilizwa, kuzifikisha habari kwa waandishi. Rais Clinton aliomba radhi mwaka 1997. Baadhi ya wake za wanaume hao waliambukizwa, na baadhi ya watoto walizaliwa na ugonjwa huo. Mtu aliyelelewa na bibi anayeyakumbuka hayo hana kosa kuishika barua ya hospitali kwa mashaka.

Pamoja na hayo, mashaka yasimfanye akose kliniki hata siku moja, bali yamfanye aulize. Kile kifaa cha kidoleni kinachopima oksijeni hupitisha mwanga kwenye ngozi, na weusi wa ngozi hunyonya sehemu ya mwanga huo. Mwaka 2020 madaktari wa Michigan walionyesha kwamba katika kila wagonjwa Weusi 100 ambao kifaa kilisoma asilimia 92 hadi 96, karibu 12 walikuwa na oksijeni chini ya asilimia 88 ilipopimwa moja kwa moja damu ya ateri, yaani mshipa unaotoa damu moyoni. Kwa wagonjwa Wazungu hawakufika 4. Kwa hiyo akishikwa na kifua, pumzi ikawa fupi na kifaa kikasoma 94, usikubali kuambiwa yuko salama kwa sababu ya namba hiyo peke yake. Omba apimwe damu ya ateri.

Kuhusu barua yenyewe, aandike kwa mratibu wa upandikizaji aombe mambo matatu kwa maandishi: tarehe ya zamani, tarehe mpya, na jibu la maabara lililotumika kuifikia hiyo tarehe mpya. Ninyi nanyi tafuteni majibu yake yote ya kreatini, pamoja na yale ya kliniki alizokwenda kabla hamjaoana, kwa sababu likipatikana jibu la mapema zaidi linalotoa 20 kwa fomula isiyouliza rangi, ana haki ya kuomba tarehe irudi nyuma zaidi. Ukinitumia namba hizo, umri wake wa wakati huo na kipimo kilichotumika, nitazikokotoa mwenyewe.

Na kuhusu wifi yako aliyejitolea kumpa kaka yake figo moja, Mungu amlipe kheri. Asikadiriwe kwa kreatini tu. Aombe apimwe na sistatini C, protini ya damu ambayo haitegemei sana misuli, na ikiwezekana uchujaji wa figo zake upimwe wenyewe badala ya kukadiriwa. Kisha, kwa kuwa ni dada wa mgonjwa wa figo, aulize juu ya kipimo cha APOL1 kabla ya kusaini chochote, maana ikionekana amerithi hatari hiyo pande zote, kubaki na figo moja kunaweza kumgeuza naye kuwa mgonjwa. Namwomba asisaini mpaka majibu hayo yatoke, na akitaka kuzungumza nami mwenyewe, mpe namba yangu.

Ni mimi baba yako.