Uchovu na kukosa hamu ya kula baada ya upasuaji wa kifundo cha mkono

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu, mwenye umri wa miaka 63, aliteleza akavunjika kifundo cha mkono, akafanyiwa upasuaji na kuwekewa bamba la chuma na skrubu. Hii ni wiki ya nne. Picha ya eksirei ni nzuri, lakini anashinda amechoka, hali chakula cha maana, na vidole vimekakamaa. Je, mambo haya yanahusiana?

JIBU: Marahaba. Yanahusiana, tena kwa karibu. Bamba na skrubu hushikilia tu vipande vya mfupa visisogee. Kuunga mfupa ni kazi ya mwili wenyewe, na mwili hauwezi kuifanya pasipo protini, kalsiamu, vitamini D na chakula cha kutosha cha kuutia nguvu. Anayekula kidogo mno wakati huu huanza kutumia misuli yake mwenyewe, naye huzidi kudhoofika na kuchoka, na kadiri anavyochoka ndivyo hamu ya kula inavyopungua.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni vidole. Mgonjwa aliyechoka huahirisha mazoezi, na vidole visivyokunjwa na kunyooshwa hubaki vimevimba, kano zikashikamana na nyama zinazozizunguka, hata ukakamavu ukadumu muda mrefu baada ya mfupa kuunga. Kwa hiyo mazoezi aliyoelekezwa yagawanywe katika vipindi vifupi vya dakika chache, saa ambazo ana nguvu na dawa ya maumivu imeshaanza kufanya kazi, badala ya kungoja jioni akiwa hoi.

Wagonjwa wa umri wake wanaopona upasuaji kwa kawaida hushauriwa kupata gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa siku kwa kila kilo ya uzito, yaani gramu 72 hadi 90 kwa mwenye kilo 60. Mwenye ugonjwa wa figo apate kwanza ushauri wa daktari wake. Usimlazimishe kumaliza sahani kubwa. Mpe kidogo kidogo mara tano au sita, na kila mara pawepo yai, maziwa, samaki, nyama au jamii ya kunde.

Pamoja na hayo, tafadhali usidhani uchovu wote unatokana na chakula. Dawa kali za maumivu huleta usingizi, kichefuchefu na kufunga choo. Upungufu wa damu, kisukari, maradhi ya tezi ya shingo na huzuni pia huchosha. Mwombe daktari wake apitie dawa hizo na kupima damu, na kwa kuwa alivunjika kwa kuteleza tu, aulizwe pia kuhusu kipimo cha uimara wa mifupa.

Akipata homa, kidonda kikitoa usaha, maumivu yakizidi badala ya kupungua, au vidole vikifa ganzi au kubadilika rangi, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.