Kile kamashini cha kisigino kinasoma nini?

SWALI: Dokta habari ya kazi. Mama yangu ana miaka 66, mwezi uliopita aliteleza tu jikoni akaanguka, mkono ukavunjika hapa karibu na kiganja. Juzi kwenye kambi ya afya wakamwekea kisigino kwa mashine ndogo, wakapaka jeli, wakasema ni ultrasaundi ya mifupa na namba zake ziko chini. Mi najua ultrasaundi ni ya wenye mimba, sasa hii ni ya kweli? – Msomaji, Arua

JIBU: Dada, pole sana na mama. Ni ya kweli, tena haina mionzi.

Siku ukila molokoni, ile supu ya kwato za ng'ombe, angalia pale mfupa ulipopasuliwa na shoka, nje gamba gumu, ndani vinyuzi vya mfupa vimeshikana kama sponji. Nguvu iko hapo kwa kushikana, si kwa wingi peke yake, maana mifupa miwili inaweza kuwa na madini sawa lakini ule ambao vinyuzi vyake vimekatika ndio unavunjika haraka, kama nyumba ya udongo ambayo fito zote zipo lakini kamba zimeoza.

Mama akinunua chungu sokoni anakigonga kwanza asikie, si ndiyo? Mashine nayo inafanya hivyo hivyo, inatuma sauti ambayo sikio halisikii, inaingia upande huu wa kisigino inatokea ule, halafu inapima imekimbia kasi gani na imepungua kiasi gani njiani. Kwenye maji sauti inaenda kama mita 1,480 kwa sekunde, kwenye gamba gumu la mfupa inafika karibu 4,000, sasa kisigino kikiwa kitupu ndani kasi inashuka kuelekea ile ya maji. Wanachagua kisigino kwa sababu karibu chote ni sponji na kinabeba uzito wetu kila siku.

Lakini asiandikiwe ugonjwa wa mifupa kudhoofika (osteoporosis) kwa kisigino peke yake. Kile kipimo cha -2.5, namba ambayo mtu akiifikia au akishuka chini yake anahesabiwa kuwa na ugonjwa huo, ambacho WHO (Shirika la Afya Duniani) waliweka mwaka 1994, ni cha mashine ya eksirei inayoitwa DEXA, hakihamishwi kwa kisigino hivi hivi. Na mguu ukiwa umevimba namba zinadanganya.

Kinachonisumbua mimi zaidi ni ule mkono. Mtu amesimama tu, anateleza, mfupa unavunjika, kwa umri huo hiyo tayari ni dalili kubwa, hata namba zingetoka nzuri. Mpeleke kwa daktari wiki hii na hiyo karatasi ya kisigino, mwambie alianguka vipi, muulize habari ya DEXA na dawa za mifupa, na zile tembe zote anazomeza beba kwa mfuko uende nazo, hasa kama kuna prednisoloni, hiyo inakula mifupa.